Plasta ya mtoto ikianza kubana

Wamama, watoto wetu hawaachi kupanda miti ya avoka. Mmoja akianguka na kuvunjika mkono, hospitalini watapiga radio na kutia plasta. Usiku maswali yanaanza: je, ni kawaida alie hivi?

Kulia kidogo, ndiyo. Lakini maumivu yakizidi hata baada ya dawa, vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, tusingoje asubuhi. Mkono umevimba ndani ya plasta, damu haipiti, na nyama inaweza kufa kwa saa chache. Turudi usiku uleule waipasue. Vijiti vya fundi wa mifupa vikikazwa sana vinaleta hatari ileile, na wengi wetu tunaanzia kwake kwa sababu ya pesa.

Siku za kwanza mkono ukae juu ya mto, vidole vichezechezwe. Plasta isilowe. Kijiti cha kujikunia ndani, hapana!

Mkono wa mtoto huunga kwa majuma 3 hadi 6 hivi. Paja la mtu mzima huchukua miezi. Plasta ikitolewa, mkono utakuwa mwembamba na mgumu. Tusiukande kwa nguvu, tumwache acheze polepole. Shuleni aje, kama ni mkono wa kuandikia, sisi walimu tutamsikiliza kwa mdomo.