NINI KINAKUAMSHA USIKU?

Ndugu msomaji, umelima mchana kutwa. Umeoga, umekula, umelala. Saa tano ya usiku umeamka. Saa nane umeamka tena. Saa kumi uko macho, unasikiliza jogoo wa kwanza. Asubuhi unashika jembe lakini mwili ni mzito. Usiku unaofuata mambo ni yale yale.

Watu wengi wana shida hii. Baadhi yao hunyamaza. Wengine huuliza, "Ni nani anayeniamsha?" Swali hilo ni la hatari. Humfanya mtu amshuku jirani yake, au bibi kizee mwenye macho mekundu. Lakini macho ya bibi ni mekundu kwa sababu ya moshi. Amepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka mingi. Tuhuma za uchawi zimevunja undugu vijijini. Katika nchi yetu zimeua wazee wasio na hatia.

Swali zuri ni hili: "Ni nini kinachoniamsha?" Swali hili lina majibu. Na majibu mengi yana dawa.

1. USINGIZI WA KAWAIDA

Usingizi hauko namna moja usiku kucha. Kwanza huwa mwepesi, kisha huwa mzito, kisha huwa mwepesi tena. Mzunguko mmoja huchukua karibu saa moja na nusu. Usingizi unapokuwa mwepesi, mtu anaweza kuzinduka, akageuka, akalala tena. Asubuhi hakumbuki.

Kwa hiyo kuamka mara moja au mbili, kisha kulala tena, si ugonjwa. Wazee huamka zaidi kwa sababu usingizi wao ni mwepesi. Mama anayenyonyesha naye huamka, kwa sababu mtoto mchanga anahitaji maziwa hata usiku. Mama huyo apewe nafasi ya kulala mchana. Baba achote maji, akate kuni, abembeleze mtoto. Mzigo huo si wa mama peke yake.

Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi. Ukiamka mara nyingi, na mchana ukasinzia au ukakosa nguvu, basi tafuta sababu.

2. TUMIA DAFTARI LAKO

Sasa unajua kusoma na kuandika. Itumie elimu hiyo. Kwa muda wa juma moja, kila asubuhi, andika saa uliyolala, saa ulizoamka, na kilichokuamsha. Kwa mfano:

Jumatatu: Nililala saa 3. Niliamka saa 5, mkojo. Saa 7, mkojo na kiu. Saa 10, mkojo.
Jumanne: Nililala saa 3. Niliamka saa 6, mkojo na kiu. Saa 8, mkojo. Saa 10, mkojo.

Tazama mfano huo. Mtu huyu alidhani anaamka ovyo tu. Daftari linaonyesha kwamba anaamshwa na mkojo, tena ana kiu. Hii ni habari kubwa, kama utakavyoona mbele. Mganga wa zahanati akiliona daftari hilo, atajua pa kuanzia.

3. VINAVYOTUAMSHA NYUMBANI

Mbu: Mbu wanaoleta malaria huuma usiku. Lala ndani ya chandarua chenye dawa. Chomeka chandarua chini ya godoro au mkeka. Ziba matundu kwa uzi na sindano.

Kunguni: Hawa hujificha katika nyufa za kitanda. Mwaga maji yanayochemka katika nyufa hizo. Fua mashuka kwa maji ya moto. Rudia kazi hii mpaka waishe.

Upele: Kuna upele ambao huwasha zaidi usiku. Huambukizwa kwa kugusana na kulala pamoja. Nenda zahanati upate dawa. Watu wote wa nyumbani watibiwe siku moja, hata wale wasiojikuna. Mmoja akiachwa, atawaambukiza tena wenzake.

Chai na kahawa: Vinywaji hivi vina kitu kinachofukuza usingizi. Saa 5 baada ya kunywa, karibu nusu yake inaweza kuwa bado mwilini. Kahawa ya kutafuna, kama ile ya Bukoba, ni hivyo hivyo. Tumia vitu hivi asubuhi. Jioni viache.

Pombe: Pombe hudanganya. Humlaza mtu upesi, lakini usiku wa manane humwamsha. Pia huongeza mkojo na kukoroma. Asiyepata usingizi asitafute msaada katika pombe.

Baridi: Jifunike vizuri. Usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu wamelala nayo, wasiamke tena.

4. UKIAMSHWA NA MKOJO

Sababu nyingine ni ndogo. Labda ulikunywa uji au maji mengi kabla ya kulala. Kunywa maji ya kutosha mchana, kisha punguza saa mbili kabla ya kulala. Usijinyime maji kutwa nzima, hasa wakati wa jua kali. Kojoa kabla ya kupanda kitandani. Kama unameza dawa ya shinikizo la damu inayoongeza mkojo, muulize mganga kama unaweza kuimeza asubuhi. Usiiache kwa shauri lako mwenyewe.

Sababu nyingine ni kubwa. Zijue dalili zake:

Kisukari: Mtu hukojoa mara nyingi usiku na mchana. Huwa na kiu isiyokwisha. Huchoka, na pengine hukonda ingawa anakula. Ugonjwa huu hupimwa kwa tone la damu la kidoleni. Usipotibiwa, unaweza kuharibu macho, figo na miguu. Ukitibiwa, mtu huishi na kufanya kazi zake.

Tezi dume: Wanaume wakizeeka, tezi iliyo chini ya kibofu huweza kukua na kubana njia ya mkojo. Mkojo huchelewa kuanza, hutoka kidogo kidogo, na mtu huhisi haujaisha. Wanaume wengi huona haya kusema. Hakuna aibu hapa. Tatizo hili lina tiba. Na kama mkojo umeziba kabisa, usingoje asubuhi. Mtu huyo apelekwe hospitali usiku ule ule.

Maumivu: Mkojo ukichoma, au ukiwa na damu, pengine kuna uambukizo au kichocho. Nenda ukapimwe.

Wajawazito nao hukojoa mara nyingi, kwa sababu mimba hukandamiza kibofu. Hilo ni la kawaida. Lakini mjamzito akiona maumivu au homa, aende kliniki mara moja.

Choo kikiwa mbali, weka tochi karibu na kitanda, na ndoo yenye mfuniko chumbani. Mzee akiamka akae kwanza kitandani, kisha asimame polepole. Wazee wengi huvunjika nyonga kwa kuanguka gizani.

5. DALILI NYINGINE ZA KUKUPELEKA ZAHANATI

Usingoje ukiona mambo haya:

Unaamka umelowa jasho, na una kikohozi cha wiki mbili au zaidi. Huenda ni kifua kikuu. Katika vituo vya serikali, kupimwa na kutibiwa kifua kikuu ni bure.

Unaamka ukikosa pumzi, huwezi kulala chali, na miguu imevimba. Moyo wako upimwe.

Unakoroma kwa nguvu, kisha pumzi inakatika, kisha unashtuka. Wewe mwenyewe huenda usijue. Muulize mwenzi wako.

Unaamka alfajiri kila siku ukiwa na huzuni nzito. Hufurahii kitu, na hali hiyo imepita wiki mbili. Huu nao ni ugonjwa, si uvivu wala wazimu. Mwambie mtu unayemwamini, kisha nendeni wote kwa mganga. Ukiwa na mawazo ya kujiua, mwambie mtu leo hii.

Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi anaweza kuamshwa na joto la ghafla na jasho. Hilo ni badiliko la umri. Likimsumbua sana, msaada upo.

Usinunue dawa za usingizi dukani bila kupimwa. Huficha ugonjwa, na mwili huzizoea. Ukizichanganya na pombe zinaweza kuua.

6. UKIAMKA, UFANYE NINI?

Mara nyingi kinachotuweka macho ni mawazo: ada ya shule, deni, mvua iliyochelewa. Usiku kila deni huonekana kubwa. Jaribu haya:

(a) Jioni, kabla ya kulala, zungumza na mwenzi wako juu ya jambo linalokusumbua, au liandike katika daftari. Andika pia hatua moja utakayochukua kesho. Kisha funga daftari.
(b) Ukiamka, usitazame saa wala simu. Mwanga wa simu hufukuza usingizi.
(c) Lala kimya. Vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi.
(d) Usingizi ukikataa kwa muda mrefu, usipigane nao. Inuka, ukae mahali pasipo na mwanga mkali. Ukisikia usingizi, rudi kitandani.
(e) Asubuhi amka saa ile ile ya kila siku, hata kama hukulala vizuri. Ukilala mchana, lala kidogo tu, tena mapema.

Fanya hivi kwa wiki mbili au tatu. Usiku mmoja hautoshi.

Ndugu msomaji, leo jioni weka daftari na kalamu karibu na kitanda. Kesho asubuhi anza kuandika. Kama nyumbani kwako kuna mzee anayeamka mara nyingi na haoni vizuri au hajui kuandika, mwandikie wewe. Kisha mpeleke zahanati pamoja na daftari lake.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini swali "Ni nani anayeniamsha?" ni la hatari?
2. Taja dalili tatu za kisukari.
3. Kwa nini wanaume huona haya kueleza shida ya mkojo? Darasa letu lifanye nini?
4. Kwa nini si vizuri kulala na jiko la mkaa chumbani?
5. Andika katika daftari lako saa uliyolala jana, saa ulizoamka, na kilichokuamsha.