Mababu Walikula Nini Kabla ya Mahindi na Muhogo?

Watoto wa shule hupenda kuwauliza wazazi wao maswali ambayo hayamo katika vitabu vyao. Mojawapo ni hili: je, watu wa zamani, kabla ya kuja kwa Wazungu, walikula posho kama hii tunayokula leo? Wazazi wengi hujibu bila kusita kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu enzi na enzi. Jibu hilo si sahihi, ingawa limezoeleka sana.

Mahindi, muhogo, viazi vitamu, karanga, nyanya, maharage, pilipili kali, na hata tumbaku ambayo wazee huiona kuwa mali yao ya asili, vyote vilitoka Amerika. Havikujulikana katika Afrika kabla ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492. Wareno walileta mingi ya mimea hiyo pwani, kisha ikaingia bara polepole, kutoka shamba hata shamba na soko hata soko. Mara nyingi mbegu zilimtangulia Mzungu mwenyewe. Burton, aliyesafiri kutoka pwani kwenda Tanganyika mwaka 1857, alikuta mahindi na muhogo tayari vimo katika vyakula vya watu.

Wanahistoria wamejuaje haya, na mababu hawakuandika orodha ya vyakula vyao? Kwanza husoma maandishi ya wageni. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki mwaka 1331. Huko Mogadishu alikaribishwa wali wa samli, mchuzi wa nyama, kuku na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maembe na tangawizi. Kuhusu Mombasa aliandika kwamba chakula kikuu cha watu kilikuwa ndizi na samaki. Hakutaja mahindi wala muhogo. Hata hivyo mwanahistoria makini hatosheki na kimya cha shahidi mmoja, kwani mgeni wa sultani huenda hakuona kamwe chungu cha maskini.

Shahidi wa pili ni lugha, na huyu anaweza kuhojiwa hata kambini, mahali ambapo watu wa makabila mengi huishi pamoja. Muulizeni Mganda jina la ulezi, atasema obulo; Mnyoro na Mnyankole watasema oburo; Mnyarwanda atasema uburo. Ni neno moja, lililorithiwa kutoka kwa mababu wa pamoja. Kisha ulizeni jina la mahindi. Mganda atasema kasooli, Mnyarwanda atasema ibigori, na Mswahili hutumia jina linaloashiria kitu cha Hindi, yaani kitu kilichokuja kwa njia ya bahari. Mmea wa zamani una jina moja katika nchi nyingi. Mmea mgeni kila mtu aliupa jina lake.

Shahidi wa tatu yumo ardhini. Katika pango la Kakapel, upande wa Kenya karibu na mpaka wa Uganda, wataalamu walichekecha udongo wakapata punje zilizoungua motoni karne nyingi zilizopita. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 yalionyesha kunde za miaka kama 2,300 iliyopita, pamoja na mtama na mamia ya punje za ulezi za miaka 1,000 hivi. Hivyo basi ulezi, mtama, kunde na viazi vikuu, pamoja na maziwa na nyama kwa wafugaji, ndivyo vilivyowalea mababu. Matoke nayo ni ya kale, ingawa asili yake ni Asia. Ndizi za kupikwa hazina mbegu za kubaki ardhini, kwa hiyo wataalamu hutafuta chembe ngumu zinazoundwa ndani ya majani yake, zisizoonekana kwa macho matupu. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba chembe za namna hiyo zilizopatikana Munsa, magharibi mwa Uganda, zina umri wa zaidi ya miaka 5,000. Wengi hawakubali, wakihofu kwamba tabaka za matope zilichanganyika, na ubishi huo haujakwisha.

Neno posho lenyewe lina historia ya kijeshi. Maana yake ya kwanza ni chakula anachogawiwa askari au mpagazi. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 wapagazi wengi walipewa unga wa mahindi. Wale waliotoka Uganda, waliozoea ndizi, waliugua vibaya matumbo kwa kula unga usiosagwa wala kupikwa vya kutosha, na wengi walikufa. Ni jambo la kusikitisha kwamba chakula kiliwamaliza watu ambao risasi iliwakosa.

Lakini swali linalostahili heshima zaidi ni la akina mama. Muhogo mchungu una sumu. Nani aliwafundisha kuuloweka, kuuvundika na kuuanika juani kabla ya kuutwanga? Wenyeji wa Brazili walikuwa na njia yao ya kuukuna, kuukamua na kuukaanga, nayo ilifika Afrika ya Magharibi. Huku kwetu njia ni tofauti, na baadhi ya wataalamu hudhani kwamba wanawake waliigeuza kazi waliyokwisha izoea, ya kuondoa sumu katika viazi vya mwituni. Hapana hati iliyowataja hata mmoja wao kwa jina. Thamani ya ujuzi huo ilionekana mwaka 1981 katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Ukame ulileta njaa, watu wakala muhogo mchungu kabla haujakauka vizuri, na zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, wakapooza miguu. Waliijua kazi ya kuutayarisha. Njaa ndiyo iliyowanyima siku za kungoja.