Urejeshaji wa spidista ya Ford Model T

Urejeshaji wa spidista ya Ford Model T ni kazi ya kurudisha katika hali nzuri gari jepesi la wazi, la viti viwili, lililoundwa juu ya fremu na injini ya gari la Ford Model T katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. Spidista haina paa, mara nyingi haina milango, na vifaa vyote visivyohitajika kwa mwendo vimeondolewa ili kupunguza uzito.

Kazi hii ina ugumu wake wa pekee. Magari mengi ya zamani yanaweza kulinganishwa na jinsi yalivyotoka kiwandani, lakini spidista nyingi za Model T zilibadilishwa baada ya kuuzwa, na mafundi wa gereji au wenye magari wenyewe. Kwa hiyo mrejeshaji hana budi kuamua kwanza ni hali ipi anayoirudisha. Tena, gari hili liliongezewa mwendo bila kuongezewa breki, hivyo urejeshaji wake ni suala la usalama kama ulivyo suala la historia.

Historia

Kampuni ya Ford ilianza kuuza Model T mwaka 1908 nchini Marekani na kuacha kuitengeneza mwaka 1927, baada ya kuunda takriban magari milioni 15. Injini yake ilikuwa na silinda nne, ujazo wa lita 2.9 na nguvu ya farasi 20 hivi. Mwendo wake wa juu ulikuwa kati ya km 64 na 72 kwa saa.

Gari hilo lilikuwa jepesi, na chuma cha vanadiamu kilichotumika katika sehemu zake muhimu kilikuwa imara. Mwezi Juni 1909 Ford iliingiza magari mawili yaliyopunguzwa bodi katika mashindano ya kutoka New York hadi Seattle. Moja lilifika la kwanza, lakini baadaye lilinyang'anywa ushindi kwa sababu injini yake ilibadilishwa njiani kinyume cha kanuni. Hata hivyo, jina la gari lilikuwa limekwisha kuenea.

Mwaka 1911 Ford yenyewe iliuza Model T ya viti viwili iliyoitwa Torpedo Runabout, yenye viti vya chini na tangi la petroli nyuma ya viti. Lakini spidista nyingi zilizaliwa nje ya kiwanda. Bei ya Model T iliposhuka, magari yaliyotumika yalipatikana kwa fedha kidogo, na viwanda vidogo vikaanza kuuza bodi nyepesi, kabureta kubwa na silinda hedi za kuongeza nguvu. Kati ya silinda hedi zilizojulikana ni Rajo, ya Joe Jagersberger wa mji wa Racine, Wisconsin, na Frontenac, ya ndugu Louis na Arthur Chevrolet. Mwaka 1923 gari lenye injini ya Ford na silinda hedi ya Frontenac, likiendeshwa na L. L. Corum, lilishika nafasi ya tano katika mashindano ya Indianapolis 500.

Kutambua gari

Kabla ya kufungua bolti yoyote, mrejeshaji hupiga picha za gari lote na kuandika kila kifaa kilichopo. Matundu ya zamani kwenye fremu, mabaki ya rangi chini ya mabano na alama za kuchomea vyuma huonyesha mahali viti, tangi na matapakavu vilipokuwa. Ushahidi huo hupotea mara fremu inaposafishwa.

Namba ya gari iko kwenye injini, upande wa kushoto, juu ya mahali maji yanapoingia. Kwa miaka mingi Ford haikupiga namba kwenye fremu, hivyo namba ya injini ndiyo iliyotumika kulitambua gari. Namba hiyo husaidia kujua mwaka injini ilipoundwa, lakini haithibitishi mwaka wa gari zima. Mafundi walibadilishana injini kwa urahisi, na Ford iliendelea kuunda injini za Model T za akiba hadi mwaka 1941. Spidista moja yaweza kuwa na fremu ya mwaka 1915, injini ya 1922 na magurudumu ya 1926, na bado ikawa gari la kweli la zama zake.

Kuondoa kutu

Vyuma vyenye kutu husafishwa kwa kupuliziwa mchanga laini, kwa tindikali hafifu au kwa umeme. Kwa njia ya umeme, kifaa huzamishwa katika maji yenye karbonati ya sodiamu, ambayo ni aina ya magadi, kisha huunganishwa na upande hasi wa chaja ya betri. Kipande cha chuma cha kawaida huunganishwa na upande chanya. Kutu hulegea bila kula chuma kizima. Kipande hicho hakipaswi kuwa cha chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa kinaweza kutoa kemikali za kromiamu zenye sumu. Kazi hufanyika mahali penye hewa, kwa sababu gesi ya hidrojeni inayotoka huweza kulipuka.

Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na gasketi au bitana za breki za kale huweza kuwa na asbesto. Vifaa hivyo havikwanguliwi vikavu wala kupulizwa kwa hewa, kwani vumbi lake hudhuru mapafu.

Injini

Silinda nne za Model T na sehemu ya juu ya nyumba ya kranki zimetengenezwa kwa kipande kimoja cha chuma, na silinda hedi hufunguka juu yake. Kranki huzunguka katika beringi tatu kuu zilizomiminwa kwa babiti, aloi laini ya bati, antimoni na shaba. Babiti ikichakaa au kupasuka, huyeyushwa na kutolewa, nyingine humiminwa mahali pake, kisha hukerezwa hadi ilingane na kranki. Kazi hii huhitaji fundi aliyeizoea, kwa kuwa nafasi ndogo mno hubana kranki na nafasi kubwa mno huleta mgongano.

Kranki yenyewe ni nyembamba. Sehemu zinazokaa kwenye beringi zina kipenyo cha milimita 32 hivi. Ilitosha kwa nguvu ya farasi 20, lakini huweza kukatika injini inapoongezewa nguvu na kuzungushwa kwa kasi. Ndiyo sababu hukaguliwa nyufa kwa unga wa sumaku kabla ya kurudishwa. Wengi hufunga pia pistoni za alumini, ambazo ni nyepesi kuliko zile za chuma na hupunguza mzigo juu ya kranki.

Injini haina pampu ya mafuta. Gurudumu tegemeo linalozunguka nyuma ya injini huchota mafuta na kuyarusha, na bomba dogo huyapeleka mbele. Bomba hilo likiziba, beringi za mbele hukauka. Kwa hiyo husafishwa kabla injini haijafungwa. Rejeta nayo kwa kawaida haina pampu ya maji: maji ya moto hupanda na ya baridi hushuka yenyewe. Rejeta iliyojaa uchafu huchemsha injini hata kama sehemu nyingine zote ni mpya.

Mfumo wa cheche

Umeme wa kuwasha petroli hutoka kwenye magneto yenye sumaku 16 zilizofungwa kwenye gurudumu tegemeo, zikizunguka mbele ya koili 16 zisizosogea. Umeme huo huenda kwenye koili nne zilizo ndani ya visanduku vya mbao, kila silinda na koili yake. Sumaku za zamani hupoteza nguvu, hivyo huchajiwa upya. Koili nazo hurekebishwa ili zote zifanye kazi kwa wakati sawa.

Dereva huwahisha au huchelewesha cheche kwa kishikio kilicho upande wa kushoto wa usukani, na kishikio cha kulia huongeza mafuta. Anapowasha injini kwa mkono, ni lazima cheche icheleweshwe kwanza. Ikiwahi, injini hurudi kinyume kwa nguvu, na mpini unaweza kuvunja mkono wa anayewasha.

Gia na breki

Model T ina gia mbili za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma, na hutawaliwa kwa pedali tatu. Ya kushoto huchagua gia ya chini au ya juu, ya katikati hurudisha gari nyuma, na ya kulia ni breki. Kila pedali hukaza mkanda unaozunguka ngoma ndani ya giaboksi. Bitana za mikanda huwa za pamba, mbao au nyuzi za kisasa za kevla.

Breki ya pedali haishiki magurudumu. Huzuia ngoma ndani ya giaboksi, na nguvu yake hupita kwenye shafti na difu ndipo ifike kwenye magurudumu ya nyuma. Njia hiyo ikikatika popote, breki hupotea.

Sehemu dhaifu iko ndani ya difu. Washa zinazobeba msukumo wa meno katika difu ya asili zilitengenezwa kwa babiti. Kwa miaka mingi babiti hupasuka na kumomonyoka. Meno ya difu huachana, na gari hubaki bila nguvu ya injini na bila breki ya pedali kwa wakati mmoja. Hubaki breki ya mkono, ambayo ilikusudiwa hasa kuzuia gari lililosimama. Mteremkoni, hiyo haitoshi.

Kwa sababu hiyo, ekseli ya nyuma hufunguliwa hata kama gari linatembea bila kelele, na washa za babiti hubadilishwa kwa za shaba nyeusi. Warejeshaji wengi huongeza pia breki zinazoshika ngoma za magurudumu ya nyuma kutoka nje. Breki za namna hiyo ziliuzwa tangu zama za Model T, hivyo haziondoi sura ya gari.

Usukani na magurudumu

Wajenzi wa spidista walipenda kushusha fremu ili gari lisipinduke kwenye kona. Ekseli ya mbele ikishushwa vibaya, mwinamo wake hubadilika na gari huyumba badala ya kushika njia. Usukani wa Model T ni mwepesi kugeuka, kwa hiyo kosa dogo la mwinamo huonekana upesi mwendo unapoongezeka. Viungo vyote vya usukani hupimwa, na vilivyolegea hubadilishwa.

Magari mengi yalikuwa na magurudumu ya spoki za mbao. Mbao ikikauka, spoki hulegea na hulia gari linapopiga kona. Kuzilowesha maji ili zivimbe ni tiba ya siku chache tu. Spoki zilizolegea huondolewa na mpya hufungwa kwa mbao ngumu.

Bodi

Bodi ya spidista ni sehemu rahisi kuliko zote kuunda na ngumu kuliko zote kuthibitisha. Kwa kawaida huwa na viti viwili vilivyo chini, boneti ndefu, kioo kidogo cha duara mbele ya dereva na tangi la petroli la mviringo nyuma ya viti. Petroli hushuka kwenye kabureta kwa uzito wake, hivyo tangi sharti liwe juu ya kabureta hata gari linapopanda mlima.

Kuhusu rangi, Model T za kiwandani zilikuwa nyeusi tupu kuanzia 1914 hadi 1925, lakini spidista zilipakwa rangi yoyote aliyoitaka mwenye gari. Mabaki yaliyojificha chini ya mabano ni ushahidi bora kuliko desturi.

Mjadala kuhusu uhalisi

Kuna makundi matatu ya magari yanayoitwa kwa jina hili: spidista zilizojengwa zamani na kuhifadhiwa, zilizounganishwa upya kwa vifaa vya zamani, na Model T kamili zilizovuliwa bodi zake siku hizi. Kundi la tatu hulaumiwa na wapenzi wengi wa magari ya kale, kwa kuwa gari kamili likikatwa halirudi. Wengine hujibu kwamba kubadilisha Model T ni desturi ya zamani karibu sawa na gari lenyewe.

Mwaka 1964 Mkataba wa Venice uliweka misingi ya kutunza majengo ya kale. Kwa kufuata mfano wake, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha Mkataba wa Turin mwaka 2012. Mkataba huo unahimiza kuhifadhi vifaa vya asili kadiri inavyowezekana, kubadilisha pale tu panapohitajika, na kuandika kila hatua ya kazi. Kwa spidista, jambo hilo lina maana kwamba mabadiliko yaliyofanywa mwaka 1920 nayo ni sehemu ya historia, na kuyaondoa ili kurudisha sura ya kiwandani kunaweza kuwa uharibifu.

Mpaka unaokubaliwa na wengi uko kwenye usalama: babiti ya difu na spoki zilizooza hazihifadhiwi kwa ajili ya uhalisi ikiwa gari litaendeshwa. Vifaa vilivyotolewa huwekwa pamoja na kumbukumbu za gari, ili mmiliki ajaye ajue kipi ni cha zamani na kipi ni kipya.

Tazama pia

Ford Model T
Henry Ford
Louis Chevrolet
Indianapolis 500