Binti wa Kakuma aliyebeba bendera isiyo na nchi

Usiku wa tarehe 5 Agosti 2016, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, mataifa zaidi ya 200 yalipita mbele ya watazamaji, kila taifa na bendera yake. Karibu na mwisho, kabla ya wenyeji Wabrazili, kikaingia kikosi cha watu 10 tu. Mbele yao alitangulia binti mmoja, ameshika bendera nyeupe yenye pete tano. Uwanja ukasimama kwa makofi. Binti huyo ni Rose Nathike Lokonyen, na alikotoka si ng'ambo ya mbali. Alitoka Kakuma, hapa hapa Kenya.

Waswahili tunasema: mcheza kwao hutunzwa. Je, asiye na kwao akicheza, nani amtunze? Maisha ya Bi. Rose ni jibu la swali hilo.

Msomaji wa pwani huenda akauliza Kakuma ni wapi. Ukitoka Mombasa ukafika Nairobi, bado safari ni changa. Utapita Kitale na Kapenguria, uteremke kwenye joto la Turkana mpaka Lodwar, mji wa mikoma ile ile tunayoijua sisi. Kisha utaendelea zaidi ya kilomita 100 kuelekea mpaka wa Sudan Kusini. Ama ukitoka Lodwar ukaelekea kaskazini kwa upande wa Ziwa Turkana, mwisho wa nchi ni Todonyang, na mbele yake ni Ethiopia. Huko Waturkana na jirani zao Wadasanechi hugombania samaki na malisho, na damu imemwagika mara nyingi. Pembe hii yote ni nchi ya watu waliojua kukimbia kabla ya kujua mbio za michezo.

Rose ni mzaliwa wa Chukudum, Sudan Kusini. Mwaka 2002, angali mtoto, vita viliwatoa kwao yeye na jamaa zake wakaingia Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992. Mwaka 2008 wazazi wake walirudi walikotoka, naye akaachiwa wadogo zake awaangalie. Fikiri, ewe msomaji, msichana wa umri wa shule, mgao wa chakula mkononi, wadogo nyuma yake, na hana ruhusa ya kutoka kambini bila kibali.

Mbio alizianzia shuleni. Mwalimu wake alimhimiza aingie mashindano ya kilomita 10. Alikimbia miguu mitupu, na akatoka wa pili.

Hapo ndipo anapoingia Bi. Tegla Loroupe. Huyu ni Mpokot, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda mbio ndefu za New York, mwaka 1994, na akarudia mwaka 1995. Wapokot na Waturkana wamenyang'anyana ng'ombe tangu zamani, na Bi. Tegla alipostawi alianzisha shirika la kuwapatanisha wafugaji kwa njia ya mbio. Mwaka 2015 shirika lake lilifanya mchujo Kakuma. Wengi wa waliojitokeza hawakuwa na viatu vya mbio. Waliochaguliwa wakapelekwa Ngong, karibu na Nairobi, na Rose akiwa mmoja wao.

Ngong ndiko mbio zilikogeuka kazi. Ni vyema tuelewe kazi hii ni ya namna gani. Mchezaji wa raga au wa kandanda katika nchi tajiri huingia mkataba na klabu, akalipwa ujira, na akiumia kuna daktari. Rose hakuwa na klabu, wala shirikisho la nchi yake kumsimamia. Alichokuwa nacho ni kitanda, mwalimu, viatu, na mawazo juu ya wadogo waliobaki kambini.

Tarehe 17 Agosti 2016 alishuka uwanjani Rio kwa mbio za mita 800. Alimaliza wa saba katika kundi lake, kwa dakika 2 na sekunde 16. Bingwa wa fainali, Caster Semenya wa Afrika Kusini, alitumia dakika 1 na sekunde 55. Mpenda medali atasema huyu alishindwa. Lakini mshindani wake alilelewa na mbio kwa miaka, naye Rose alikuwa na kama mwaka mmoja tu wa mazoezi ya kweli.

Kisha yakaja maradhi ya korona. Mwaka 2020 kituo cha Ngong kilifungwa, na wakimbiaji wakarudishwa kambini. Hapo ndipo ilipoonekana jinsi kazi hii ilivyosimama juu ya uzi mwembamba: jana ulibeba bendera mbele ya dunia, leo umerudi kwenye vumbi na kadi ya mgao. Rose hakuacha. Alifanya mazoezi huko huko Kakuma, juani. Mwaka 2021 alikimbia Tokyo kwa dakika 2 na sekunde 11. Alijipunguzia sekunde 5, nazo kwa mkimbiaji si haba.

Mwaka 2022 alikwenda Kanada kusoma katika chuo cha Sheridan, Ontario, na huko akaendelea kukimbia. Hapo ndipo miguu ilipomfikisha: si kwenye medali, bali kwenye dawati.

Na njia aliyoipasua haikuota nyasi. Mwaka 2024, huko Paris, binti mwingine wa Sudan Kusini aliyekulia Kakuma, Perina Lokure Nakang, alikimbia mita 800 hizo hizo katika timu ya wakimbizi. Alitumia dakika 2 na sekunde 8.

Hesabu basi: 16, 11, 8. Kila mmoja amepokea kijiti kwa mwenzake. Makofi ya Rio yalikuwa mazuri, lakini makofi hayalishi wadogo. Tuzo ya asiye na kwao ni kufunguliwa mlango: ruhusa ya kutoka, mwalimu wa kumsimamia, na shule ya kumpokea siku miguu itakapochoka. Rose aliupata mlango huo. Kambini wamebaki wasichana wengi wanaokimbia peku, na mchujo haufiki kila siku.