Ukijenga chumba ndani ya vitabu, chunga betri

Huenda ukashangaa kuona ukurasa wa afya unazungumzia vitabu vikuukuu na gundi. Nivumilie kidogo. Mgonjwa wangu mmoja wa hapa Rongai, mwalimu mstaafu, alipata kiharusi kilichomlegeza mkono wa kulia. Baada ya miezi kadhaa aliweza kushika kikombe, lakini kalamu ilimshinda, na vifungo vya shati alikuwa akifungiwa na mkewe. Mazoezi yenyewe yalimchosha kuliko ugonjwa. Kufinya mpira kila asubuhi, aliniambia, ni kama kufuta ubao usioandikwa kitu.

Nikamwuliza kama kuna kazi ya mikono aipendayo. Akasema nyumbani ana masanduku ya vitabu. Vingine ni vya kiada vya mfumo wa 8-4-4, ambavyo vimekosa mwenyewe tangu mtaala mpya ulipoanza mwaka 2017 na mtihani wa mwisho wa KCPE kufanywa mwaka 2023. Vingine ni seti ya ensaiklopidia iliyoliwa pembe na panya. Mjukuu wake mkubwa alikuwa amemwonyesha picha za watu wa Japani na Ulaya wanaochimba vitabu vizee na kujenga ndani yake chumba kidogo chenye meza, kitanda na dirisha. "Mwalimu," nikamwambia, "hiyo ndiyo dawa yako." Maneno hayo niliyasema mimi, na yalikuja kunirudia.

Sikusema kwa mzaha. Kutumia kazi za mikono katika kuponya ni taaluma kamili, na wataalamu wake husomea katika chuo chetu cha KMTC. Wala vyumba vidogo si mchezo wa watoto peke yake. Mmarekani Frances Glessner Lee, aliyesaidia kuanzisha idara ya uchunguzi wa vifo katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1931, alitengeneza vyumba vidogo vya kufundishia wapelelezi namna ya kuchunguza mahali palipokutwa maiti. Alivijenga kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili. Vyumba 18 vimehifadhiwa katika ofisi ya wachunguzi wa vifo huko Baltimore.

Mwalimu alitumia kipimo hicho hicho. Alipanga ensaiklopidia nne, kila moja unene wa sentimita 4, akapaka kingo za kurasa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, akazilaza chini ya mawe usiku kucha. Zilipokauka, alichora dirisha juu ya kila kitabu, akiacha sentimita 2 pembeni, akaanza kukata kurasa chache chache kwa kufuata rula ya chuma. Majalada ya katikati aliyatoa. Jalada la nyuma kabisa likawa ukuta. Alipoviunganisha akapata chumba chenye kina cha sentimita 16 na kimo cha 24, yaani karibu mita 2 kwa mita 3 za binadamu. Humo alijenga nyumba ya mwalimu aliyoishi alipoajiriwa mara ya kwanza: kitanda cha njiti za kiberiti, meza ya kusahihishia vitabu, na juu ya meza taa ya karabai.

Ukitaka kuifanya kazi hii, jambo la kwanza ni kisu. Kisu butu ni hatari kuliko kikali, maana hukulazimisha usukume kwa nguvu hadi kiteleze. Badilisha wembe mara kwa mara, na mkono ulioshikilia kitabu usikae kamwe mbele ya njia ya kisu. Ukijikata, bana kidonda kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia chungulia. Kidole kikifa ganzi au kikakataa kukunjika, huenda mshipa wa fahamu au kano imekatika. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Na wewe unayemeza aspirini kila siku kama mwalimu wetu, utatoka damu kwa muda mrefu kuliko wenzako.

Gundi nyeupe haina taabu kubwa. Ile ya mafundi viatu ina mvuke unaolevya, kwa hiyo itumie nje penye upepo, mbali na moto. Supagluu ikigandisha vidole, viloweke katika maji ya vuguvugu yenye sabuni na uviachanishe polepole kwa kuvisugua, usivivute. Usiifute kwa pamba, kwa sababu supagluu ikikutana na pamba huzalisha joto la kuweza kukuunguza. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi na umwone daktari, wala usijaribu kuyabandua kope kwa nguvu.

Vitabu vyenyewe hubeba vumbi na kuvu. Vikung'ute nje ukiwa umefunika pua na mdomo. Mwenye pumu afanyiwe kazi hiyo na mtu mwingine, na kitabu kinachonuka uvundo kitupwe. (Ukirithi kitabu cha karne ya 19 chenye jalada la kitambaa cha kijani kinachong'aa, usikichimbe hata kidogo. Jumba la makumbusho la Winterthur nchini Marekani, katika utafiti ulioanza mwaka 2019, limegundua kwamba baadhi ya rangi hizo zina sumu ya arseniki.)

Sasa nirudi kwenye karabai. Ilikuwa inawaka kweli. Ndani yake mlikuwa na balbu ndogo, na chini yake betri bapa yenye umbo la kifungo, ile inayotumika pia katika rimoti, mizani na funguo za gari. Mwalimu aliponieleza juu ya taa yake nilicheka na kumsifu. Sikumwuliza betri inakaa wapi.

Jumamosi moja mchana mkewe alikuta taa sakafuni, kifuniko kimefunguka, betri haipo. Mjukuu mdogo, wa miaka miwili, alikuwa ameketi kando yake akidondokwa na mate. Alipopewa uji aliukataa. Hakuna aliyemwona akimeza kitu, na wengi wangesema ni meno. Yule mama alimbeba akaja naye mbio. Picha ya eksirei ilionyesha duara katika umio, na ukingo wake ulikuwa na mistari miwili, mmoja ndani ya mwingine. Sarafu huonyesha mstari mmoja.

Wazazi wengi huogopa kwamba betri itapasuka na kumwaga sumu. Jambo baya zaidi hutokea hata isipopasuka. Betri ya namna hii yenye upana wa milimita 20 ni ndogo kuliko sarafu ya shilingi kumi, lakini hukwama katika umio wa mtoto. Ute wa mwili huikamilishia njia ya umeme, na upande wake mmoja hutengeneza magadi makali yanayoyeyusha nyama. Katika muda wa saa 2 tu umio unaweza kuungua vibaya. Madhara huendelea hata baada ya betri kutolewa, na yakiufikia mshipa mkuu wa damu ulio jirani, mtoto anaweza kufa siku au wiki kadhaa baadaye. Betri uliyoitupa kwa kuwa haiwashi taa bado ina nguvu ya kutosha kufanya hayo.

Kwa hiyo shika haya, mzazi. Usimtapishe. Usingoje aitoe chooni. Ikiwa amevuka umri wa mwaka mmoja, na hazijapita saa 12, na anaweza kumeza, mpe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, visizidi dozi sita, huku mkiwa tayari njiani. Asali hupunguza ukali wa kuungua lakini haiondoi betri. Kama haipo nyumbani usipoteze muda kuitafuta dukani. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Zaidi ya hiyo asile wala asinywe kitu. Betri ikiwa puani au sikioni, nako ni kukimbia hospitali, bila kutia dawa ya matone.

Nasi wa Rongai tuna jambo letu jingine, nalo ni barabara ya Magadi. Mjini ni kama kilomita 17, lakini unajua mwenyewe foleni inavyoweza kukushika kabla hujafika Bomas. Piga simu mbele, uulize kama hospitali mnayokwenda ina daktari wa kutoa kitu kwenye umio wa mtoto saa hiyo, au muende moja kwa moja hospitali kuu ya rufaa kama Kenyatta. Mjukuu wa mwalimu alipewa asali ndani ya gari mikononi mwa mamake. Betri ilitolewa jioni hiyo kwa mrija wenye kamera. Alikuwa ameungua, akalishwa kwa mpira wa puani siku kadhaa, na bado anarudi kuchunguzwa kama umio wake haujawa mwembamba. Anakula.

Nchini Marekani sheria ya mwaka 2022 inataka kifuniko cha betri hizi kisifunguke kwa urahisi, kwa mfano kifungwe kwa skrubu. Taa nyingi za urembo zinazouzwa masokoni mwetu hufunguka kwa ukucha. Kabla hujanunua, jaribu kwa kidole chako.

Nilikwenda kwa mwalimu kumwomba radhi. Nilimkuta ameng'oa taa yote. Karabai sasa ni ushanga mweupe uliofungwa waya, na ukutani amebandika kioo kidogo kinachovuta mwanga wa dirishani. Chumba kiko juu ya kabati, hakiguswi. Alipokuja kliniki juma lililopita alikuwa amefunga shati lake mwenyewe, kifungo kimoja kikiwa kwenye tundu lisilo lake, na mkewe alikuwa ameagizwa asikirekebishe.