Mwanamke Aliyeandika kwa Jua na Majani

Juma hili tunawaletea habari ya mwanamke mmoja wa Uingereza, Anna Atkins, aliyezaliwa mwaka wa 1799. Kuanzia Oktoba 2018 hadi Februari 2019 maktaba kubwa ya watu wote ya mji wa New York, Marekani, ilionyesha kazi zake. Watu walienda kutazama nini? Majani tu, na mwanga wa jua.

Anna alifiwa na mama yake angali mtoto mchanga. Baba yake, mtu wa sayansi, ndiye aliyemlea na kumfundisha mambo ambayo wasichana wa wakati ule hawakufundishwa. Alipenda sana mimea, hasa mwani, yaani majani yanayoota baharini. Lakini mwani ni mwembamba kama uzi, na kuuchora kwa mkono ni kazi ngumu.

Mwaka wa 1842 rafiki ya baba yake, John Herschel, aligundua njia mpya. Karatasi inapakwa maji yenye dawa mbili za chuma, inakaushwa gizani. Halafu jani linalazwa juu yake, linafunikwa kwa kioo, na vyote vinawekwa juani. Kisha karatasi inaoshwa kwa maji matupu. Pale jua lilipopiga panakuwa buluu. Pale jani lilipokinga panabaki peupe, pamoja na kila mshipa wake.

Mwaka wa 1843 Anna alianza kutoa kitabu cha picha hizo, akaendelea kwa miaka kumi. Wengi wanakihesabu kuwa kitabu cha kwanza duniani chenye picha za foto. Baadaye alifanya kazi hiyo pamoja na rafiki yake Anne Dixon, waliyekua naye kama dada.

Lakini sikieni jambo hili. Katika kitabu chake aliweka herufi mbili tu: A.A. Baada ya kifo chake mwaka wa 1871, kuna waliodhani herufi zile ni za mtu asiyejulikana anayejifurahisha tu. Jina lake lilikaribia kupotea kabisa, na kazi ipo mezani!

Wamama, na sisi tunajua majani mengi: ya kupika, ya kunywesha, ya kufukuza wadudu. Bibi zetu walijua mengi zaidi, lakini yaliandikwa wapi? Mwenye kujua akiondoka bila kuandika, anaondoka na shamba zima.

Basi tujaribu pamoja na watoto. Chukueni karatasi ya rangi, ile ya bei ndogo inayopauka upesi. Lazeni juu yake jani la muhogo au la mpapai, mfunike kwa kioo, mwache juani siku kadhaa. Karatasi itapauka, lakini chini ya jani rangi itabaki, na umbo la jani litaonekana. Mama ashike kioo mwenyewe, kisikate watoto, na mtoto asikaze macho kwenye jua.

Kisha andikeni pembeni jina la jani katika lugha ya nyumbani, kazi yake, na aliyewafundisha. Andikeni jina zima la bibi huyo, si herufi mbili. Vikundi vikikusanya karatasi hizo na kuzitundika ukutani siku ya kikao, hayo tayari ni maonyesho.