Tusizime mlinzi wa kompyuta kwa sababu ya haraka



Katika ofisi za parokia zetu, toka Beni mpaka Butembo na Kipese, kuna desturi tunayoijua sote, hata sisi tumeifanya. Betri inakaribia kwisha, ripoti inangojewa, kompyuta inatambaa kama kinyonga. Basi sekretari anazima antivirusi ili amalize kazi. Kesho anasahau kuiwasha.

Anayenung'unika ana haki. Kila faili unayofungua, antivirusi inaisoma kwanza, na kwenye mashini ya zamani yenye memori ya giga 2 kusoma huko kunakula nguvu na betri. Lakini mara nyingi kosa ni letu: tumeweka antivirusi mbili, nazo zinazuiliana njia. Moja inatosha. Windows 10 na 11 huja tayari na Defender, bila malipo. Ile ya kulipiwa iliyovunjwa kufuli na kuuzwa kwa franki chache, wakati mwingine ndiyo inayomwingiza mwizi.

Kwetu mwizi huyo haji sana kwa intaneti, anakuja kwa flashi. Flashi moja inatoka kwa mpiga chapa, inapita kituo cha afya na shule, kisha inafika kwa sekretari wa parokia. Siku moja mnaifungua, mnakuta folda zote zimegeuka njia za mkato. Wengi hapo hufuta flashi nzima huku wakilia. Ngojeni kwanza! Mara nyingi mafaili yangali humo, kirusi kimeyaficha tu. Ni kubofya ile njia ya mkato ndiko kunakokiita kiingie kwenye mashini.

Kuna virusi vikali zaidi. Tarehe 12 Mei 2017, WannaCry ilianza kufunga mafaili na kudai pesa, katika nchi zaidi ya 150. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Microsoft ilikuwa imetoa kinga yake tangu Machi, lakini mashini nyingi hazikuwa zimewekewa. Sasa fikirini orodha ya mayatima, au ya ndugu waliokimbia vita, ikifungwa hivyo.

Sisi tunafanya hivi. Anayeshuka Butembo, penye mtandao mzuri, anapakua kinga mpya za Defender na kuzileta kwa flashi safi. Ukaguzi wa mashini nzima tunauweka saa sita mchana, jua likiwa kali juu ya paneli na hakuna anayechapa. Ikilazimu kuzima antivirusi, basi hakuna flashi inayoingizwa mpaka iwashwe tena. Na kopi ya mafaili inakaa kwenye diski ya pembeni, imechomolewa, katika nyumba nyingine.

Daftari la karatasi la ubatizo nalo, tafadhali, msilitupe.